Neno la Mlimani

Mwalimu wa Kiingereza huku Mpuguso hafungui kamusi mpaka afute chaki vidoleni kwa pindo la koti, na haachi neno mpaka ajue lilikotoka. Jana Tupokigwe wa kidato cha tatu alimuuliza maana ya “boondocks”.

“Porini huko, mbali na kila kitu,” alisema, kidole kikiteremka taratibu kwenye ukurasa wa kamusi hadi asili ya neno. “Ahaa! Limetoka Ufilipino. Kule maana yake ni mlima tu. Askari wa Kimarekani ndio waliolibeba, maana ikageuka.”

“Kumbe watu wa mlima huo walikuwa kwao tu, mwalimu?”

Mwalimu aliutazama Mlima Rungwe dirishani, akatoa mfukoni fomu ya kuomba uhamisho. Tupokigwe aliiona sababu iliyoandikwa: “Shule iko mbali.” Mwalimu akaikunja fomu, akaiacha kwenye ukurasa ule wa kamusi iwe alama.