Neno la Mwisho la Kundi la 587

Kila mwaka mwishoni mwa Mei, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, Mama Haugen alikuja kwenye banda la ndege la kiwanja cha Tolliver na pai ya tufaha. Pai alimkabidhi Sajenti Verlin Stuckey, fundi mkuu wa injini. Kisha alivua glavu zake nyeupe, akaiendea bendera ya kundi la ndege za kivita namba 587, na kati ya tepe za kumbukumbu ya mapigano zilizoning'inia kwenye mlingoti akautafuta utepe wenye jina la mji wa Ujerumani ambako mwanawe Leif aliungua na ndege yake. Aliushika kidogo, basi. Kaburi la kushika hakuwa nalo.

Injini za ndege ile alizikagua Verlin mwenyewe asubuhi ya safari, huko Uingereza. Kwa hiyo vita vilipokwisha, na namba 587 wakapewa askari wa akiba wa jimbo la Iowa, Marekani, pale Tolliver, karibu kabisa na kwao, aliona kundi lake limemfuata nyumbani. Akajiunga siku ya kwanza. Katika miaka minane waliitwa kundi la mabomu, la wapiganaji, la upelelezi, kisha la wapiganaji tena, na kila walipobadilishwa jina yeye alifuta milango na kupaka rangi upya. Alinung'unika, lakini alivumilia, mradi tepe zibaki.

Mwaka 1954 ikaja barua kutoka makao makuu: tepe zitolewe. Katika jeshi la anga kundi likilazwa, hulala na tepe zake, na siku likiamshwa huamka nazo. Likivunjwa, limekufa. Na 587 la vitani, barua ilisema, lilivunjwa. Hili la Tolliver ni jipya, limeokota namba tu.

Verlin alipandwa na hasira ambazo hazikushuka kwa miaka mitatu. Aliandika barua kumi na tisa. Kulikuwa na mpumbavu mahali fulani, alisema, aliyekosea neno moja, na yeye angempata.

"Ungekuwa unaniandikia mimi hivyo," mkewe Arlene alimwambia, "ningekubali kuolewa nawe mara ya pili."

"Wanatuzungusha tu hawa. Wanangoja nichoke."

"Basi watangoja sana. Kula, chakula kinapoa."

Kapteni Rudd, ofisa wa makaratasi pale kiwanjani, alikuwa mtu mwema. Alizificha tepe kwenye droo, na kila Mei akaruhusu zitundikwe asubuhi moja, mpaka jibu la mwisho lipatikane.

Jibu lilifika Mei ya 1957, siku mbili kabla ya ile ya Mama Haugen. Kapteni akamwita Verlin ofisini na kufunga mlango.

"Kaa, Sajenti."

"Nitasimama. Wamekataa?"

"Wamekataa. Safari hii wameleta nakala ya ripoti ya mwisho, ya Novemba arobaini na tano. Inasema 'limevunjwa'."

"Nani kaandika upuuzi huo? Nipe jina lake tu, Kapteni."

 Kapteni aliisukuma karatasi mezani na kuweka kidole kwenye kona ya chini, pale mpiga chapa anapotia herufi za jina lake. Zilikuwa herufi ndogo mbili: vs.

Ndipo Verlin alipokaa.

Alikumbuka vizuri mno. Makarani wote walikuwa wameshaondoka, na meja akauliza nani anajua kupiga chapa. Verlin alijua, kwa vidole viwili. Lori la kwenda bandarini lilikuwa nje, injini inanguruma, wenzake wanampigia honi na kumtukana. Meja alisema andika limelazwa, au limevunjwa, lolote, kundi limekwisha. Akaandika lililomjia kwanza, akalikimbilia lori. Miaka mitatu alikuwa akimtukana mtu huyo kwa barua.

"Waandikie kwamba nilikosea," alisema.

"Nimeshapiga simu. Wanasema ripoti ilitiwa saini. Saini ni saini."

Mama Haugen alipokuja, mlingoti wa bendera haukuwa na utepe hata mmoja. Alisimama mbele yake na glavu mkononi. Verlin, ambaye tangu juzi alikuwa amepanga maneno mazuri kuhusu makao makuu na sheria zao, aliyaacha yote.

"Mama, zimeondolewa kabisa. Na aliyesababisha ni mimi. Niliandika neno silo kwenye karatasi ya mwisho."

"Kwa nini, Verlin?"

"Nilikuwa na haraka. Lori lilikuwa linaondoka. Nilitaka kurudi nyumbani."

Mama Haugen alizivaa glavu zake polepole, kidole baada ya kidole. Hakukasirika, na hilo ndilo Verlin alilosema baadaye kuwa hakuweza kulistahimili.

"Leif naye alitaka," alisema, akamkabidhi pai, ikiwa bado ya moto.