Nyuma ya Gari la Baba

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya swali moja la mama yangu: lile gari la vita alilokuwamo baba, lilikuwa na mlango kwa nyuma au halikuwa nao?

Ninyi wa soko la Luanda mnanijua. Mimi ni Shem, fundi wa bati. Koroboi nyingi zinazowaka majumbani mwenu zimetoka mikononi mwangu, na watoto wenu wamevuta kwa kamba malori niliyoyaunda kwa makopo ya mafuta. Habari ya baba pia mnaijua. Alikwenda Uhabeshi na jeshi la Mwingereza akiwa dereva wa gari la deraya, mimi nikiwa bado tumboni, na hakurudi. Barua ya serikali ilisema amepotea. Mwenzake mmoja aliyerudi alimweleza mama kwamba gari lilibinuka ndani ya korongo, magurudumu juu, kuta za korongo zikabana milango ya ubavuni, kisha injini ikashika moto. Yeye mwenyewe alikuwa mbali, aliona moshi tu.

Miaka thelathini na kitu wazee wa ukoo walimsihi mama tuzike shina la mgomba mahali pa baba, kama tunavyomfanyia mtu aliyepotelea mbali, ili boma liwe na kaburi. Mama alikataa. "Simziki mtu hai," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo kila mara. Lakini mwaka huu kifua kilimlemea, na macho yalikuwa yameshazimika. Wazee wakarudi, maana mjane atalazwa ubavuni mwa nani kama mumewe hana kaburi? Ndipo mama akatoa sharti lake. Nimuundie gari lile kwa bati, sawasawa na lilivyokuwa, alipapase. Likiwa na mlango nyuma, mtu asimtajie mgomba tena. Likiwa halina, basi wazike.

Picha niliyokuwa nayo ni moja tu. Baba amechuchumaa kando ya gurudumu la mbele, mkono ameuweka juu ya kitovu cha gurudumu, anacheka. Mpiga picha alimpenda baba kuliko gari, kwa hiyo nyuma yote imekatwa. Ningeweza kubuni, nani angejua? Lakini mama, ambaye huniita baba kwa kuwa nina jina la babake, alinishika mkono. "Usinidanganye, baba," alisema. "Heri kufa macho kuliko kufa moyo." Nikafunga safari ya Nairobi kutafuta kitabu.

Jumatatu alfajiri nilipanda basi la kwanza. Nililala mpaka Nakuru, na baada ya hapo sikulala tena, nikawa naitazama ile picha mpaka mwanamke aliyeketi karibu nami akaniuliza kama huyo ni mwanangu. Nilimwambia ni babangu. Alinitazama mvi, kisha akaitazama picha. Mimi nilikuwa nimeshampita baba kwa umri, na hilo sikuwahi kulifikiria mpaka siku ile.

Jioni nilifika Nairobi, mtaa wa Kabiria, kwa Jotham, mtoto wa baba mdogo, ambaye ni tarishi katika ofisi moja mjini. Mkewe alinipikia ugali kwa mrenda, nikala vizuri. Jotham alipoisikia kazi iliyonileta alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Shem, wewe umetoka reserve kuja kutafuta kitabu ya gari ya vita? Watu wanakuja hapa kutafuta kazi!"

"Kazi ninayo," nilimwambia.

"Sawa, kesho nitakupeleka town. Lakini mimi nakwambia ukweli, utachoka bure."

"Mwenda bure si mkaa bure," nilimjibu, na wakati ule niliiamini methali hiyo.

Jumanne asubuhi Jotham aliniacha mbele ya duka la kwanza la vitabu akaenda kazini. Duka hilo lilikuwa na Biblia, vitabu vya hesabu na kalamu. La pili vivyo hivyo. La tatu lilikuwa kubwa, na kijana wa dukani, tai shingoni, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Military vehicles? Iko moja tu, mzee. Lakini osha mikono kwanza, hiyo paper ni ya bei."

Sikuchukia, kwa maana mikono ya fundi wa bati haitakati. Nilinawa kwenye bomba la nyuma nikarudi. Kitabu kilikuwa kizito kama tofali, na nilikifungua kwa pupa. Jamani! Magari mia, na yote yamepigwa picha kutoka mbele, kama bwana harusi. Hakuna kipimo, hakuna nyuma, hakuna ndani. Gari la baba lilikuwamo, dogo, kwenye pembe ya ukurasa, nalo limemfichia mpiga picha kile kile nilichokitaka. Nilikifunga. Kijana akaniuliza kama nanunua, nikamrudishia mikononi nikatoka.

Mchana nilikwenda maktaba. Mama wa mezani alikuwa mpole, lakini alisema vitabu vya namna hiyo havisomwi bila kuwa mwanachama, na mwanachama ni lazima awe na barua ya mwajiri.

"Mimi ndiye mwajiri wangu," nilisema.

"Basi jiandikie barua, baba, na mhuri uwe nao," alisema, wala hakuwa ananitania.

Niliketi kwenye ngazi za nje mpaka Jotham alipotoka kazini. Nitawaambia ukweli, nililia. Mji mzima ule, majumba yale yote yamejaa karatasi, na hakuna karatasi moja ya kunionyesha nyuma ya gari.

Jumatano Jotham aliomba ruhusa, akanipeleka kwa miguu mpaka Waithaka, kwa mwenye nyumba wa rafiki yake. Mzee Njoroge alikuwa na ng'ombe watatu wa maziwa, na alikuwa amepigana Uhabeshi. Nilipoona koti lake kuukuu la jeshi, matumaini yalirudi yote kwa mpigo.

"Hiyo magari nilijua," alisema, akinyoosha kidole kwenye picha. "Mimi nilikuwa ya lori ya maji. Wao mbele, sisi nyuma. Miezi mingi."

"Nyuma yao!" nilisema. "Basi mzee wangu uliona. Palikuwa na mlango?"

Alifumba macho. Tulingoja mpaka ng'ombe mmoja akaanza kulia.

"Niliona vumbi," alisema. "Ngai, kijana, miezi yote niliona vumbi tu."

Akaniona nairudisha picha mfukoni, akanionea huruma. Ndipo akatuambia kuhusu Mgoa mmoja wa Woodley anayempelekea maziwa, karani mstaafu, ambaye meza yake imejaa magari madogo ya vita aliyoyaunda kwa gundi na rangi. "Mtu mzima, na anacheza kama katoto. Lakini ako na vitabu. Enda haraka, anahama."

Woodley tulifika alasiri. Bwana Fernandes alitufungulia akiwa na brashi ya rangi sikioni. Nyumba ilikuwa imejaa masanduku, kwa kuwa juma lililofuata angepanda ndege kwenda Kanada kwa bintiye. Nilimwonyesha picha. Kabla sijamaliza kueleza, alikuwa ameshaniambia ukubwa wa gurudumu.

"Kitabu ya hii iko," alisema. "Iko chini ya kitanda. Wewe inama, mimi mgongo mbaya."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama, nikavuta sanduku. Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, cha karatasi hafifu, bila rangi hata moja. Bwana Fernandes alikishika kwa mikono miwili, akanifundisha ambacho ningetakiwa kukijua kabla sijasafiri. Kitabu kizuri cha fundi, alisema, hukijui kwa uzuri wa picha. Tazama kama kinaonyesha gari mbele, nyuma, ubavuni na juu, na vipimo vimeandikwa. Tazama kama kinakutenganishia gari la kwanza na la pili, maana kiwanda hubadilisha na jina hubaki lile lile.

"Hii gari iko namna mbili," alisema. "Moja nyuma chuma tupu. Ingine nyuma iko mlango." Kisha akauliza nilikuwa naunda la nini, nikamweleza yote, mpaka mgomba. Hakukifungua kitabu.

"Wewe nataka iko mlango, ama nataka hapana iko?"

Nilikuwa nimesafiri siku nzima na kutembea siku mbili, na sikuwa nimejiuliza.

"Nataka kujua, Bwana," nilisema.

"Mimi ikiwa wewe, hapana fungua," alisema, lakini alinikabidhi.

Michoro ilikuwa safi hata ningeweza kukata bati juu yake. Namna ya kwanza, isiyo na mlango nyuma, na ya pili, yenye mlango, zilifanana kwa mbele, isipokuwa jambo moja. Namna ya pili injini ilisukuma na magurudumu ya mbele pia, kwa hiyo vitovu vyake vilitokeza nje kama bakuli lililofunikwa. Niliitoa picha. Mkono wa baba ulikuwa umepumzika juu ya kitovu kilichotokeza kama bakuli.

Gari lake lilikuwa na mlango nyuma. Niliruka, nikamkumbatia Jotham. Bwana Fernandes alinipa karatasi ya nta ya kufungia mkate, nikachora kila mstari na kila kipimo, yeye akinishikia taa ya meza. Tulipoagana hakutabasamu.

Ijumaa nilirudi nyumbani, na wiki mbili zilizofuata mliona kibanda changu kimefungwa. Sijawahi kuunda kitu kwa uangalifu ule. Mlango wa nyuma niliutengenezea bawaba za waya, ukafunguka na kufungika bila kelele.

Jumapili baada ya ibada nilimwekea mama gari mapajani, wazee wameketi. Alianza mbele, polepole. Alikipata kitovu cha gurudumu, akatulia hapo, nadhani alijua mkono wa nani ulikuwa hapo. Akapapasa ubavu. Akafika nyuma, vidole vikapata mlango. Akaufungua. Akaingiza kidole ndani, akakitoa. Akaingiza tena, akakitoa.

"Unapitika," alisema.

"Unapitika, Mama." Nilikuwa nacheka kama mjinga. "Aliweza kutoka!"

Hakucheka. Aliufunga mlango, akaufungua, na uso wake ukaanza kubadilika mbele yetu.

"Basi alitoka," alisema taratibu. "Alitoka, na njia ya kwetu aliijua. Miaka yote nimesema amezuiliwa." Akanisukumia gari. "Waambie wakate mgomba. Na hili lizikwe nao. Lakini kwanza nenda ukauzibe huo mlango, baba."

Nilichojifunza Nairobi ni hiki, nanyi mkitumwa kama nilivyotumwa mkikumbuke: kitabu kizuri kitakupa upana wa mlango hadi robo ya inchi, lakini hakitakuambia kama kuna mtu aliyepita. Bwana Fernandes alijua. Alijaribu kuniambia, nami nilikuwa na haraka ya kuchora.

Nilirudi kibandani, nikapasha chuma cha kulehemu, nikayeyusha risasi kuuzunguka mlango wote. Nikapiga tupa mpaka pakawa laini. Nikampelekea mama, akapapasa nyuma, hakupata kitu, akaitikia kwa kichwa. Tulizika Jumanne. Ile methali yake ya macho na moyo sijamsikia akiisema tena.