Doa Lililokataa Mafuta

Doa lilinitokea shavuni mwaka ule chai ya mzungu ilipopanda mlima ikameza malisho yetu. Lilikuwa jeupe-jeupe, kavu. Msichana wa Kipsigis akijipaka samli hung'aa, lakini hapo samli ilikaa juu tu ikashika vumbi. Na mimi nilikuwa nimeposwa! Wimbi likivunwa, shangazi za mchumba wangu wangekuja kunitazama, na hao shangazi, jamani, jicho lao halikuacha kitu.

Bibi yangu, tuliyemwita kogo, akasema samli haina kosa, ngozi ndiyo imefunga. Kila asubuhi alinikwaruza shavu kwa jani kali la kusugulia vibuyu, akanipaka samli iliyochemshwa na mizizi, kisha akanibandikia jani la mbarika lililotoka motoni.

"Dawa ya moto ni moto," akasema. "Ukilia, mafuta yatarudi nje."

Nilie wapi! Kwetu msichana asiyekunja uso mbele ya maumivu huheshimiwa mpaka uzeeni. Kwa hiyo kogo akazidisha moto. Siku moja jani lilikuja likitoa moshi, mama akageuka asione. Mimi nikauliza kama limeshabandikwa. Kogo akapiga vigelegele, majirani wakaja kunisifu, nami nikavimba kichwa, mjinga mimi. Lengelenge lilipotokea wote walifurahi: ngozi imefunguka, sasa mafuta yanaingia.

Lengelenge likawa kidonda, kidonda kikaanza kunuka. Mama akanipeleka kwa dresa, mfunga vidonda wa kambi ya chai, mtu wa kutoka upande wa ziwa. Akaniambia nifumbe macho, nikisikia sindano niseme. Nikangoja. Nikangoja mpaka nikakasirika.

"Kwani utachoma lini, dresa?"

Nikafumbua macho. Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, na sindano ilikuwa imesimama kwenye shavu langu.

"Ni ukoma, mama," dresa akamwambia polepole.

Shangazi hawakuja. Mchumba alioa kwingine, na sikumlaumu, ingawa nilimlaani. Nikajengewa kibanda ng'ambo ya kijito. Dresa alikuwa na mafuta yake, ya kuingizwa ndani ya nyama kwa sindano nene, maana ukipaka juu hayafiki. Alinichoma makalioni. Uwii! Hayo niliyasikia, nikalia kama mtoto.

Kogo alikuwa amesimama upande wa pili wa maji. "Inauma?" akaita.

"Inauma, kogo!"

"Basi inaingia," akasema, na uso wake ukachangamka mara ya kwanza tangu msimu ule wa wimbi. Akaniambia nitapona, nitaposwa tena.

Nikaitikia ndiyo. Sikumwambia kwamba asubuhi ile nilikuwa nimeepua chungu motoni kwa mkono mtupu, na sikusikia kitu.