Kidole cha Getzl Kilichoacha Kuuma

Jambo la kwanza nililoliona kwa Getzl ni kwamba alipapasa kila kitu kwa ukucha. Nilipokuja kupanga chumba cha juu nyumbani kwake, hapa mjini Safed, nikiwa nimetoka tu chuo cha ualimu, aliupitisha ufunguo wangu polepole juu ya ukucha wa kidole cha shahada, ndipo akauweka mezani niuchukue. Kijiko, ukingo wa dirisha, hata ganda la yai, vyote vilipimwa hivyo.

"Usishangae, mwalimu," mkewe Pesia aliniambia. "Mchinjaji huyo. Siku ya harusi aliipapasa pete kabla ya kunivisha. Nilidhani ananitafutia kasoro mimi."

Sheria yetu Wayahudi haina mzaha katika jambo hili. Kisu cha kuchinjia kikiwa na pengo dogo kama unywele, mnyama ni kibudu. Kwa hiyo mchinjaji hukipima kwa kidole kabla ya kuchinja na baada yake. Lakini Getzl aliogopa kitu kingine zaidi ya nyama kuharamika. Walimu wetu wa elimu ya siri walifundisha kwamba mwanzoni vyombo vya nuru vilipasuka, cheche zikatawanyika ndani ya kila kiumbe, na kwamba kuna roho zilizonaswa hata ndani ya kuku, zikingoja baraka na kisu safi ili zipande.

"Kuku huyu huenda amengoja miaka mia," aliniambia siku moja, akimshika kwa upole kama mtoto. "Nikimchinja vibaya nimemfungia mlango."

Mkono wake wa kulia ulimtesa. Uliwaka kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, naye alikuwa akiukung'uta kama kitambaa kilicholowa. Pesia alilia, akamsihi Mungu amwondolee.

"Niache, bibie," Getzl alikuwa akimjibu. "Cheche hazipandi bure. Jasho peke yake halitoshi."

Nilidhani ni maneno ya mzee kujiliwaza.

Kiangazi kilichopita maumivu yakakoma. Pesia alioka keki ya asali akaigawa mtaa mzima. Getzl alikigeuzageuza kipande chake sahanini.

"Labda huko juu wamenifukuza kazi," alisema.

"Huko juu wamenisikia mimi," Pesia akamjibu. "Kula."

Ikafika asubuhi ya kuamkia mfungo wa Siku ya Upatanisho. Kama kawaida yetu, watu walijaa ua wa sinagogi, kila mmoja akimzungusha kuku juu ya kichwa chake na kuomba dhambi zihesabiwe kwa yule ndege, kisha akampelekea Getzl.

"Harakisha, Getzl, kuku wangu anazeeka," alisema Zundel, muuza mboga.

"Amechoka kubeba dhambi zako, Zundel. Mpumzishe kidogo."

Watu walicheka. Kabla ya adhuhuri kazi ilikuwa imekwisha, na sehemu kubwa ya nyama ilikwisha kupelekwa majumbani kutiwa chumvi. Getzl aliosha kisu cha mwisho, akakikausha kwa mkono wa kushoto. Ukucha wa mkono huo ukakwama kwenye makali.

Nilikuwa karibu, niliona. Alikipima kwa mkono wa kulia, kikateleza bila kizuizi. Akarudia kwa wa kushoto. Kikakwama. Alimwomba Pesia pini ya kilemba chake, akaichoma kwenye kidole cha shahada cha kulia. Pini ilizama. Damu ikatoka, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Pesia alikaa chini, papo hapo kwenye manyoya.

Getzl akapanda juu ya kreti.

"Jamani, msile. Kidole changu kimekufa. Tangu lini, sijui. Pengine tangu maumivu yalipoisha."

Nilirudi nyuma kwa mawazo: meza za Sabato, harusi mbili, supu niliyompelekea mama yangu alipokuwa mgonjwa. Mji mzima, watu wanaopepeta hata mchele kwa hofu ya mdudu, huenda tulikula vibudu tangu kiangazi.

"Getzl," Zundel alisema kwa sauti ya chini, "nani angejua?"

"Kuku angejua."

Rabi Nuta, kiongozi wa sinagogi letu, aliamuru nyama yote itupwe, masufuria yachemshwe, vyombo vya udongo, ambavyo havitakasiki, vivunjwe. Tuliuingia mfungo kwa supu ya dengu, tukikanyaga vigae barabarani. Hakuna aliyemtukana Getzl. Hilo nalo lilinishtua.

Baada ya mfungo alijifungia ndani. Pesia alimtajia daktari, akakataa, akisema hiyo ni hukumu yake. Rabi Nuta alikuja mwenyewe.

"Maumivu uliyopewa uliyabeba, nayo yalikuwa yanakulindia kidole," alimwambia. "Haya ya kumkataa daktari umejitungia mwenyewe. Hayana cheche ndani yake."

"Nikipona nitarudi kazini?"

"Nitakuwekea visu, vizima na vyenye mapengo. Ukivitambua vyote, utarudi."

"Na maumivu yakirudi?"

"Yakirudi tutayawekea kiti kama mgeni."

Getzl akakubali, na daktari alieleza kwamba mshipa wa fahamu ulibanwa kwenye kifundo hadi ukazimia. Aliupasulia nafasi. Kama bado uko hai, alisema, kidole kitaanza kwa kuwaka, na mkiona hivyo mfurahi.

Sasa bendeji imeondolewa. Visu vya Rabi Nuta viko tayari, vimefungwa kwa kitambaa. Zundel hupita na mkokoteni wake na kusimama chini ya dirisha.

"Anaumwa?"

"Bado," mimi humjibu.

"Mwambieni ajitahidi."

Na Pesia, aliyelia miaka yote akiomba yaishe, kila asubuhi humuuliza mumewe hata kabla ya chai: "Vipi, yameanza?"

Leo Getzl hakusema "bado". Ameusogeza mkono karibu na uso, amefumba macho kama anayesikiliza kitu kidoleni, na ametuomba tusiongee kwanza.