Ulezi wa Bibi na Miguu ya Baba

Nilipokuwa mtoto, pale Genkuru, kila mtu alijua kwamba dhahabu ina mwenyewe. Hakuonekana, lakini ukichimba mali yake kwa pupa, bibi alisema, atakuja kuidai. "Haanzi na kichwa wala tumbo. Anaanza na miguu, ili usimkimbie."

Baba yangu, Chacha, aliacha jembe akafuata mwamba, kama wenzake wote wakati ule. Kambi yao ilikuwa mwendo wa saa moja kutoka nyumbani, na ilikuwa na miiko yake. Usipige mluzi shimoni. Usile ugali mweusi. Ulezi una rangi ya giza, walisema wachimbaji, na dhahabu ikiuona inajificha ndani zaidi. Basi kambini walikula sembe tupu, jeupe pe, na gongo la kuteremshia. Sisi watoto tuliwaonea wivu. Sembe lilikuwa chakula cha matajiri.

Bibi hakuelewana na miiko hiyo. Kila Jumamosi alisaga ulezi kwenye jiwe, na maganda yake yote, akaufunga kwenye kitambaa pamoja na maharage, akanituma.

"Bhoke, mwambie baba yako ale cha nyumbani. Mwenye mali hamgusi anayekula cha nyumbani."

Baba angekula. Alimwogopa mama yake kuliko mizimu yote ya machimbo. Hilo ndilo lililonitia hofu, maana alikuwa ameniahidi viatu vya shule siku atakayopata dhahabu, na mimi nilivitaka viatu vile kupita kiasi. Kabla ya kufika kambini kulikuwa na boma la mama mmoja mwenye kuku wengi. Ulezi niliwamwagia kuku, maharage nikampa mama yule, nikacheza mtoni, nikarudi.

"Amepokea?"

"Amepokea, bibi. Ameshukuru."

Nilifanya hivyo masika nzima. Kuku wale walinona.

Siku moja, adhuhuri, baba alikuja akipepesuka. Tulidhani ni gongo. Alikuwa na ndara mguu mmoja tu.

"Nyingine iko wapi?" bibi akauliza.

Baba aliutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Sijui, mama. Sikusikia ikitoka."

Bibi akaweka ungo chini. Alimkalisha, akambonyeza kifundo cha mguu kwa dole gumba. Shimo likabaki pale pale, halikujaa. Baba alikuwa anahema na hakuna mlima aliopanda. Mwenye mali alikuwa amefika, na nilijua nani aliyemfungulia mlango.

Kwenye zahanati, tulikompeleka mimi na bibi, mganga hakuuliza baba amemkosea nani. Aliuliza anakula nini. Kisha akasema ni upungufu wa vitamini B, kwamba vitamini hiyo iko kwenye maganda ya nafaka na kwenye maharage, kwamba mwili hauwezi kuiweka akiba kwa muda mrefu, na kwamba gongo huimaliza hata hiyo kidogo. Ikikosekana, mishipa ya fahamu hufa ganzi na moyo huchoka. Akamchoma sindano.

Baba akamgeukia bibi.

"Ulezi umejaa ghalani, mama. Hata kibaba hukunitumia?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Bibi alinitazama mara moja tu. Sijawahi tena kutazamwa hivyo.

"Nilisahau, mwanangu," akasema. "Uzee."

Baba alipona moyo, lakini mguu wa kulia ulibaki na ganzi, akauburuta hadi kaburini. Dhahabu hakuipata, wala mimi viatu. Bibi hakuniuliza neno. Jioni ile alisonga ugali wa ulezi, akanipa sahani nimpelekee baba, akasimama nyuma yangu hadi tonge la mwisho.

Leo mashineni wakiniuliza kama wanikobolee, nasema hapana, na naweza kueleza sababu kama mganga yule. Naona bibi na mganga walikuwa wanasema jambo moja. Lakini usiku wa msiba wa baba jirani mmoja alisema, kwa huruma tu, kwamba marehemu alikuwa mwema ingawa mama yake alimsahau. Bibi alikuwa ameshatangulia. Niliinamisha kichwa, na hata siku ile sikusema.