Nukta ya Saa Kumi na Mbili

Mjomba wangu Mwinyijuma alikuwa dobi asiyejua kuogelea, lakini Bagamoyo nzima hapakuwa na mtu mwenye saa nyingi za wazamiaji kuliko yeye. Alikuwa nazo nne. Ya kwanza alipewa kabla ya Uhuru na mwanamaji Mwingereza aliyekuwa akimfulia sare kule Dar es Salaam. Ya pili aliibadilisha kwa kanzu mbili kwa baharia mmoja wa Pangani. Ya tatu na ya nne alizing'ang'ania Chalinze, kwa dereva wa lori aliyechoka kumkatalia. Zote zilikuwa za jeshi, nene, nzito, zenye namba za kijeshi mgongoni. Alizilaza kwenye kijamanda chenye mfuniko, na maji hayakuruhusiwa kuzikaribia. Hata akienda kutawadha, aliivua ile aliyoivaa.

Kilichomtia wazimu zaidi ni ile pete ya nje inayozunguka, yenye nukta nyekundu. Siri yake aliigundua mwenyewe, akaitangaza kila baraza. Saa za Kizungu, alisema, zinaanza kuhesabiwa juu, kwenye kumi na mbili. Sisi siku yetu inaanza alfajiri, mshale mfupi ukiwa kwenye sita. Basi unazungusha pete mpaka nukta ikae kwenye sita, kisha unahesabu kutoka hapo: alama ya kwanza saa moja, ya pili saa mbili.

"Mzungu wa jeshi ana adabu," alikuwa akisema. "Alijua atakuja kwetu, akatengeneza saa inayojua Kiswahili."

Tulimwamini miaka kumi na mbili. Mimi mwenyewe nilibishana na mwalimu mmoja wa Kerege juu ya nukta hiyo mpaka tukakaribia kukunjana mashati.

Mwaka 1973 mashine ya mashua ya ushirika wetu wa wavuvi ilichomoka ikazama. Nani aliifunga vibaya, tusiulizane. Akaletwa mzamiaji kutoka Dar, Majaliwa, kijana mpole aliyemwamkia shikamoo kila mwenye mvi, pamoja na msaidizi wake Kulwa wa kushika kamba. Tulipofika kwa makasia pale ilipozama, Majaliwa akatazama mkono wake: saa yake imeingia maji. Mjomba, ambaye alikuja kwa udaku tu, alikuwa amevaa ya kwake. Wote tukamgeukia. Akaivua, akaitoa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayemwoza binti yake wa pekee.

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini na tano. Majaliwa aliizungusha pete kidogo, akampa mjomba mkono amfungie mkanda, huku akigeuka kupokea miwani ya kuzamia kutoka kwa Kulwa. Mjomba akaona nukta iko kwenye tano. Imeteleza, masikini. Akairudisha kwenye sita kwa kidole gumba, akampigapiga kijana begani, naye Majaliwa akazama.

Tukakaa. Baada ya muda mjomba akamwuliza Kulwa, kwa ujuzi mwingi, kama mwenzake huko chini anajua kusoma saa za Kiswahili.

"Hasomi saa, mzee," alijibu Kulwa. "Anasoma nukta. Anaiweka pale ulipo mshale wa dakika wakati anazama. Mshale ukiipita nukta kwa dakika ishirini, anapanda. Mtungi una hewa ya dakika hizo tu."

Nilimwona mjomba akihesabu kwa vidole. Kutoka tano hadi sita ni dakika tano. Majaliwa angekaa chini dakika tano ambazo mtungi wake haukuwa nazo. Kisha akatutazama sisi watano wa ushirika, wanafunzi wake wote, na nikajua anatafuta njia ya kumwokoa yule kijana bila sisi kujua kitu. Njia haikuwepo.

"Mvute," alisema. "Nukta nimeigeuza mimi. Nilidhani ni ya saa za Kiswahili. Siyo. Haijawahi kuwa."

Kulwa akaivuta kamba kwa nguvu. Majaliwa aliibuka na hasira, maana alikuwa ameshaishika mashine. Kulwa akamweleza. Akaitazama saa, akaugusa mtungi wake.

"Mzee," alisema, "ulitaka nisome saa za Kiswahili, nusura unisomeshe za ahera."

Tukaangua kicheko sote, isipokuwa mjomba. "Nisamehe, mwanangu," alisema. Sijapata kumpenda kama siku ile.

Kulwa akabadilisha mtungi. Majaliwa akaunyoosha tena mkono ule ule wenye saa. "Haya, niwekee nukta wewe."

Mjomba akaisogeza pete polepole mpaka nukta ikalingana na mshale wa dakika. Akamwomba Kulwa aangalie. Akaniomba na mimi, kisha wale wengine wanne, mmoja mmoja. Tulipomaliza kuangalia wote, mshale ulikuwa umeshasogea, ikabidi aanze upya.