Wasia wa Rais wa Kwanza, Siku ya Arobaini ya Mzee Khelef

Nimewahi kuteleza kwenye ngazi za stesheni ya Harrow, London, mbele ya abiria wa asubuhi wote, na nimewahi kumpinga profesa kwa nusu saa nzima kuhusu kitabu ambacho sikukisoma, na yote hayo huwa nayasimulia nikicheka. La arobaini ya Mzee Khelef sijaweza kulicheka. Hata sasa ninapoliandika uso unanichoma, kwa sababu siku ile sikujiaibisha mwenyewe tu, nilimwaibisha mjane ndani ya nyumba yake.

Mzee Khelef alikuwa mwenye nyumba wangu. Nilipanga chumba chake cha nyuma nilipokuwa nasomea shahada ya pili ya historia, na utafiti wangu ulihusu viongozi wa mwanzo wa Marekani, wale walioandika kwamba watu wote wameumbwa sawa kisha wakaenda kula chakula kilichopikwa na watumwa wao. Yeye aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi, akiwa kijana, na kabla ya hapo aliwahi kuwa karani katika maktaba ndogo ya Wamarekani pale mjini, na humo ndimo alimopata Kiingereza chake na mapenzi yake kwa rais wao wa kwanza. Kila Jumapili baada ya adhuhuri tulibishana sebuleni, yeye na kikombe chake cha kahawa chungu, mimi na madaftari yangu.

"Alikuwa na jeshi zima mkononi," alikuwa akiniambia. "Angeweza kukaa mpaka afe. Akaondoka mwenyewe, akarudi shambani kwake. Nitajie wa kwetu mmoja."

"Alirudi shambani kwa watumwa wake, ami."

"Aliwaacha huru katika wasia."

"Kwa nini asiwaache huru akiwa hai?"

Hapo alikuwa akicheka. "Weye hata peponi utauliza mlango kajenga nani." Na mkewe, Bi Rukia, alikuwa akituambia kutoka jikoni kwamba tukishaimaliza Marekani tuje tumenye vitunguu.

Ubishi huo hatukuumaliza. Alilazwa Jumanne, Ijumaa akafariki.

Wiki zilizofuata nikausoma ule wasia wa rais, safari hii neno kwa neno (nilikuwa nimeutaja kwenye karatasi zangu mara kumi na moja bila kuusoma wote, nakiri), nikakuta jambo ambalo sikuwa nalo siku za ubishi wetu. Aliandika kwamba watumwa wake wawe huru mkewe atakapokufa. Maana yake mjane alibaki ndani ya nyumba kubwa, amezungukwa na watu ambao uhuru wao umefungwa kwenye roho yake. Inasemekana aliogopa, na baada ya mwaka mmoja hivi akawaacha huru mwenyewe. Nilipofunga kitabu nilimkumbuka Mzee Khelef kwa uchungu kuliko siku ya maziko, maana jibu langu nimelipata na wa kumpa hayupo.

Kwa hiyo Nassor aliponiambia nisome wasifu wa marehemu kwenye hitma ya arobaini, nilikubali haraka mno. Nassor ni mtoto mkubwa wa Mzee Khelef, anafanya kazi kiwanja cha ndege na anakaa Hounslow. Mama yake alifariki zamani, na Bi Rukia ndiye aliyemlea yeye na wadogo zake wawili.

"Msomi, utasoma weye," alisema. "Ukurasa mmoja. Watu watakuwa na njaa."

Nikaandika ukurasa mmoja, akaupitia, akafuta sentensi moja, akanirudishia.

Siku yenyewe viti vilitolewa sebuleni, yakatandikwa mashuka meupe, wanaume tukakaa chini tukasoma. Wanawake walikuwa juu na Bi Rukia, aliyekuwa bado yumo edani. Ili nao waisikie dua, Sharifa, binti wa Nassor, alileta kile kidude cha kusikilizia mtoto mchanga, ambacho kwa kawaida hukaa karibu na kitanda ili mama aliye chumba kingine asikie mtoto akilia, akakiweka nyuma ya rehali ya kuwekea msahafu, na chenzake akapanda nacho juu. Nilimwona akikiweka kwa macho yangu mawili. Dakika kumi baadaye nilikuwa nimeshakisahau.

Nilisoma ukurasa wangu vizuri. Mzee mmoja karibu na mlango alikuwa akijifuta macho, wengine walitikisa vichwa, na ningekaa pale pale leo ningekuwa na kumbukumbu nzuri. Lakini nilijiambia kwamba wasifu ule haukumtaja Mzee Khelef niliyemjua mimi, yule mbishi wa Jumapili, na kwamba heshima ya kweli ni kuumaliza ubishi wake. Nikakunja karatasi.

"Naomba niongeze kidogo," nikasema.

Nikawaeleza habari ya rais aliyeondoka madarakani mwenyewe, na namna marehemu alivyompenda, na watu wakatabasamu. Nikaingia kwenye wasia. Nikasema ulikuwa wasia wenye nia njema, lakini angalieni ulimfanya nini mjane, ukamweka ndani ya nyumba moja na watu wanaongoja afe ili wapate haki yao.

Watu wakainamisha macho kwenye mashuka. Mwanzoni nilidhani nimewagusa (nilifurahi hata, Mungu anisamehe), nikaendelea kidogo na habari ya hofu ya yule mama.

Nisilolijua mimi, na wote mle ndani walilijua, ni hili. Mzee Khelef akiwa hospitali aliwaomba wanawe watatu wasidai mgawo wa nyumba mpaka Bi Rukia afe. Bila ombi hilo nyumba ingeuzwa wagawane kama sheria ya mirathi inavyotaka, na thumni ya mjane, sehemu yake moja ya nane, haipati hata chumba kimoja Harrow. Watoto walikubali. Nassor naye alikubali, na yeye ana watoto wanne katika vyumba viwili.

"Unamsema nani?" Nassor aliuliza, taratibu kabisa.

Nilipaswa kusema simsemi mtu, nikae. Mimi nikaeleza.

"Simsemi Bi Rukia, wala nyinyi. Waliokuwa wakingoja kule ni watumwa."

"Kwa hiyo sisi ndio watumwa," alisema Hemed, mdogo wake.

Neno hilo halirushwi ovyo katika chumba cha Wazanzibari. Mle ndani walikuwamo ambao mababu zao walimilikiwa na ambao mababu zao walimiliki, na miaka yote hiyo ya London wamekula sinia moja kwa sababu hakuna anayelitaja. Nililijua hilo. Limo katika sura ya pili ya utafiti wangu.

"Sikusema nyinyi ni watumwa," nikasema. "Nimesema mjane anayengojewa afe hana amani, popote alipo."

Basi. Hapo tukasikia juu ya vichwa vyetu mwanamke analia, na mwingine anamwambia nyamaza, Rukia, nyamaza. Nikageuka kwenye rehali. Kidude kilikuwa kinawaka taa yake ndogo ya kijani.

Sheikh akaomba tusome Fatiha, akaisoma mbio kuliko nilivyowahi kuisikia ikisomwa. Chakula kikaletwa. Kila sinia la biriani lilikuwa la watu watano, na watu wakakaa watano watano, wengine sita, mahali pamoja hata saba wakibanana magoti, na mimi nikabaki na sinia zima peke yangu katikati ya shuka jeupe. Nikala. Kukiacha chakula cha hitma kungekuwa kisa kingine.

Sharifa akaja, akanieleza kwa Kiingereza lile ombi la hospitali, kisha akasema bibi yake ananiita. Nikapanda. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa, nikasimama nje kwenye zulia la ngazi, naye akazungumza kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa imetulia.

"Mwanangu, huyo mama wa Kimarekani. Alipowaacha huru, yeye alikwenda kukaa wapi?"

"Hakwenda popote, bibi. Alibaki nyumbani kwake. Waliondoka wao."

"Basi mwenzangu alikuwa na bahati."

Nilijua pia kwamba wako wengi ambao wasia ule haukuwagusa, waliokuwa wa urithi wa mume wa kwanza wa yule mama, nao wakabaki utumwani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa na ukweli mdomoni nikaumeza.

"Bibi, nisamehe. Sikujua."

"Najua hukujua. Mimi nilijua, na Nassor alijua, na kila asubuhi akinipigia simu kuniuliza nimeamkaje tulikuwa tunaweza kujifanya ananiuliza hali tu. Sasa kesho akiniuliza, nitamjibu nini?"

Nikashuka, nikakusanya masinia.

Eda ilipokwisha aliwaita wanawe watatu, akawaambia wauze. Walikataa. Nassor alilia, nasikia, akamwambia mama usitufanyie hivi, lakini yeye alishikilia, akasema hawezi kulala katika nyumba ambayo kila akikohoa anawaza nani kamsikia. Akahamia kwa mpwa wake, chumba kimoja juu ya duka Kenton. Siku ya kuhama nilibeba cherehani yake mpaka kwenye gari, na Hemed akanifungulia mlango bila kuniangalia.

Sijaacha kuuliza maswali, na sitadanganya kwamba nimeacha. Utafiti nimeumaliza, umesifiwa, na habari ya ule wasia imo. Lakini nimeapa kutosimama tena mbele ya wafiwa na kitu nilichokigundua. Siku hizi nikiwa na ukweli wa mtu mkononi, kabla ya kuusema najiuliza kwanza ni nani atakayelazimika kuhama.